Pakiti ya Sigara Pasipo Pambo: Je, Inapunguza Uvutaji?

Katika kanisa moja la kando, kwenye vilima vya Mushaki, tulikuwa tunawauliza wakatekumeni maswali ya mwisho mbele ya ubatizo. Ilifika zamu ya kijana wa miaka 14 hivi. Alijibu vizuri. Kiisha tulimuomba karata yake, kusudi tuandike jina lake katika kitabu. Alitia mukono katika mufuko wa koti, akatoa pakiti ya sigara, nyekundu, yenye mistari ya rangi ya zahabu, safi kama iliyotoka dukani asubuhi ile. Mwalimu wa dini alishituka, akasema kwa sauti kali: « Weye, unavuta? » Kijana akafungua pakiti. Ndani hamukuwa sigara hata moja. Mulikuwa karata yake ya ukatekumeni iliyokunjwa vizuri, rozari, na noti ya franka 500. Akasema: « Hapana, Mwalimu. Sivuti. Hii ni sanduku yangu. Nyumbani hatuna kitu kingine kizuri cha kutunzia vitu. »

Mwalimu alinyamaza, nasi vilevile. Lakini jibu lile lilitusindikiza njia yote ya kurudi misioni. Kijana alisema kweli: pakiti ile ilikuwa nzuri. Tena uzuri wake haukuja bure. Kuna watu wenye akili na mali nyingi waliokaa mezani siku nyingi kuchagua wekundu ule, na zahabu ile, na umbo la herufi zile, kusudi jicho la kijana lipende kuitazama na mukono wake upende kuishika.

Juu ya jambo hili inchi nyingi zimetunga sheria katika miaka hii. Zimesema: sigara iuzwe, kama lazima iuzwe, lakini isivae nguo ya arusi. Watu wanabishana kama sheria ya namna hii inafaa kweli. Inatupasa sisi mapadri, waseminari na walimu wa dini kulijua jambo hili vizuri, maana vijana wenye kuanza kuvuta ni vijana wetu.

1. Sheria hii inaagiza nini?

Inchi ya kwanza ni Australia. Sheria yake ilitungwa mwaka 2011, na tangu tarehe 1 Desemba 2012 hakuna duka lililoruhusiwa kuuza sigara katika pakiti ya zamani. Waziri wa afya aliyeipigania sana ni Nicola Roxon, mama aliyefiwa na baba yake angali mutoto. Baba huyo alikuwa muvutaji, akafa kwa kansa.

Agizo lake ni rahisi kuelezwa. Pakiti zote, za kiwanda chochote, ziwe za rangi moja: rangi ya udongo mweusi uliochanganyika na majani makavu, rangi isiyopendeza mutu. Jina la sigara liandikwe chini, kwa herufi ndogo za namna moja kwa wote. Alama ya kiwanda, picha ya simba au taji, mistari ya zahabu, hayo yote yaondolewe. Fasi kubwa ya pakiti ijazwe na picha za magonjwa na maneno ya onyo. Hata sigara yenyewe isiwe na pambo.

Tuangalie vizuri: sheria hii haikatazi kuvuta, wala haikatazi kuuza. Inakataza kupamba tu. Ndiyo maana tunaiita hapa sheria ya pakiti pasipo pambo.

Nyuma ya Australia zikafuata Ufaransa na Uingereza mwaka 2017. Ubelgiji ilianza na viwanda mwaka 2020, na maduka mwaka 2021. Katika Asia, Thailand ilitangulia mwaka 2019. Katika Afrika yetu, kisiwa cha Morisi ndicho cha kwanza, mwaka 2023. Congo yetu haijatunga sheria hiyo.

2. Kwa nini kugombana na karatasi?

Mutu anaweza kuuliza: uovu uko katika tumbako, hauko katika karatasi, kwa nini Serikali inashika nguo na kumwacha mwizi? Swali hili ni la haki, nasi tutalijibu kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni ya mahubiri. Zamani viwanda vya sigara viliimba sifa zao katika radio, katika magazeti na kwenye mabango ya njiani. Inchi nyingi zilikataza hayo. Hapo pakiti ikabaki muhubiri peke yake. Tena ni muhubiri asiyechoka: muvutaji wa sigara 20 kwa siku anaitoa mufukoni mara 20, anaiweka juu ya meza mbele ya rafiki, na rafiki anaiona. Kuondoa pambo ni kumunyamazisha muhubiri huyo.

Sababu ya pili ni ya uongo. Zamani pakiti nyingine ziliandikwa neno la kusema sigara hii ni nyepesi, kama kwamba haidhuru sana. Waganga walionyesha kwamba ni uongo: muvutaji wa sigara hizo anavuta kwa nguvu zaidi, na sumu inaingia ileile. Serikali zikakataza neno. Lakini rangi ikachukua kazi ya neno. Katika Marekani, neno hilo lilipokatazwa mwaka 2010, sigara Marlboro Lights ikaitwa Marlboro Gold, na wavutaji wakaendelea kuitambua kwa rangi yake. Pakiti nyeupe na ya zahabu inasema « mimi ni mupole » pasipo kuandika herufi hata moja. Uongo wa rangi hauondoki kama rangi haikuondoka.

Sababu ya tatu ni ya onyo. Picha ya pafu lililooza ikiwekwa kando ya taji na zahabu, jicho linakimbilia zahabu. Zahabu ikiondoka, jicho halina tena fasi ya kukimbilia.

Tuongeze jambo moja la ajabu. Pakiti mpya zilipofika Australia, wavutaji wengi walinungunika kwamba tumbako imebadilika na utamu wake umeharibika. Katika Saudi Arabia, mwaka 2019, malalamiko yaleyale yalisikiwa. Kumbe katika Australia tumbako ilikuwa ileile. Ni nguo tu iliyogeuka. Maana yake, sehemu ya utamu waliousifu miaka yote haikuwa katika tumbako. Ilikuwa katika karatasi. Waseminari wenye kujifunza ginsi alama ya inje inavyogusa moyo wa ndani hawatashangaa sana.

3. Mashindano mbele ya waamuzi

Wenye viwanda hawakukubali. Kwanza walikwenda mbele ya korti kubwa ya Australia; mwezi wa Agosti 2012 walishindwa, waamuzi sita kwa mumoja. Vilevile kampuni Philip Morris ilipeleka Australia mbele ya waamuzi wa mataifa. Mwezi wa Desemba 2015 waamuzi walikataa kusikiliza shauri hilo, kwa kuwa kampuni ilikuwa imepanga upya mali yake kwa kusudi la kupata njia ya kushitaki. Tusidanganyane: hapo waamuzi hawakusema kama sheria ni nzuri ao mbaya, walifunga mulango tu.

Shauri kubwa lilikuwa lile la Shirika la Biashara la Dunia. Honduras, Jamhuri ya Dominika, Cuba na Indonesia zilisema Australia inavunja haki za biashara. Mwezi wa Juni 2018 waamuzi wa shirika hilo, nyuma ya kuchungua vitabu na hesabu nyingi, walisema kwamba sheria hii, pamoja na picha za onyo na kodi, inasaidia kupunguza uvutaji, wala haivunji haki za biashara. Honduras na Jamhuri ya Dominika zilikata rufani, zikashindwa tena mwezi wa Juni 2020.

Jirani zetu nao walipita njia hiyo, ingawa sheria zao hazikufika kuondoa pambo lote. Katika Kenya, kampuni British American Tobacco ilishitaki maagizo ya tumbako ya mwaka 2014, kutoka korti hata korti, hata Korti Kuu ikaikatalia mwezi wa Novemba 2019. Katika Uganda kampuni ya jina lilelile ilishitaki sheria ya mwaka 2015, ikashindwa mwezi wa Mei 2019.

Kutoka hapa watu wengine wanatoa neno hili: wenye viwanda wasingelipa mawakili miaka tisa juu ya karatasi isiyo na nguvu. Neno hilo lina maana, lakini lazima kutofautisha. Woga wa adui ni dalili. Si ushuhuda kamili. Ushuhuda tuutafute katika matunda.

4. Matunda yake yaliyohesabiwa

Mwaka 2016 Serikali ya Australia ilitoa hesabu zake. Miezi 36 mbele ya sheria, kati ya watu wa miaka 14 na zaidi, wavutaji walikuwa 19,4 kwa mia. Miezi karibu 34 nyuma yake, walikuwa 17,2 kwa mia. Lakini katika wakati uleule kodi ya tumbako ilipanda, na tangu zamani uvutaji ulikuwa unashuka pole pole. Basi wenye hesabu walijaribu kupima sehemu ya pakiti peke yake, yaani pambo lililoondolewa pamoja na picha za onyo zilizokuzwa siku ileile. Walipata nusu moja na kidogo, yaani 0,55 kwa mia.

Tuseme hesabu hii kwa mufano wa parokia. Chukua watu 1.000. Zamani 194 walikuwa wanavuta. Nyuma wakabaki 172. Kati ya hao 22 waliopungua, watano ao sita ni wa pakiti. Wengine ni wa kodi, wa mafundisho na wa desturi yenye kugeuka. Watano ao sita ni kidogo? Katika Australia nzima ilikuwa sawa na watu 108.228. Mutu asiyeridhika na hesabu hiyo aende kwenye kitanda cha mugonjwa mumoja wa kansa ya mapafu, akae naye usiku mumoja.

Alama nyingine: katika jimbo la New South Wales watu wenye kupiga simu kwa kuomba musaada wa kuacha waliongezeka kwa 78 kwa mia nyuma ya pakiti mpya kutokea. Kupiga simu si kuacha; lakini ni mwanzo wa kutaka kuacha, na sisi wenye kukaa katika kitubio tunajua bei ya mwanzo huo.

Mwaka 2017 waganga wa shirika Cochrane, wenye kazi ya kukusanya na kupima masomo ya wengine, walitazama masomo 51. Walisema kwa uangalifu: pakiti pasipo pambo inaweza kupunguza uvutaji, lakini wakati ule inchi moja tu ilikuwa imeishika kabisa, basi uhakika wao juu ya hesabu ulikuwa mudogo. Juu ya jambo moja ushuhuda ulipatana sana: pakiti hiyo inavutia watu kidogo kuliko ile ya zamani.

Katika Ufaransa vilevile, kati ya watu wa miaka 18 hata 75, wenye kuvuta kila siku walikuwa 29,4 kwa mia mwaka 2016. Walishuka hata 24,0 mwaka 2019. Lakini pamoja na pakiti bei ilipandishwa, na Serikali ikasaidia kulipa dawa za kuacha. Nyuma ya hapo, mwaka 2020, hesabu ikapanda kidogo tena. Sheria haikuondolewa, lakini watu walirudi. Basi tusifanye pakiti kuwa hirizi.

5. Mapingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza: « Muvutaji hatazami pakiti, anataka moshi. » Ni kweli kwa yule aliyekwisha kufungwa. Tumbako inashika mwili kama munyororo, na mutu wa miaka 50 mwenye kuvuta tangu ujana hataacha juu ya rangi. Lakini sheria hii haikutungwa kwanza kwa ajili yake. Ilitungwa kwa ajili ya mutoto asiyeanza bado, ambaye hajui bado utamu wa moshi, na anaona pakiti tu. Kwa yule, pakiti ndiyo mulango.

Pingamizi la pili: « Pakiti za namna moja ni rahisi kuigwa, na magendo yataongezeka. » Sisi wa Kivu tunajua magendo. Katika Goma kilijengwa kiwanda cha sigara, Congo Tobacco Company, na sigara yake Supermatch ilijulikana pande zote za mipaka yetu, hata pale isipolipiwa kodi. Tujibu: magendo yalikuwako wakati pakiti zilikuwa na rangi zote za upinde wa mvua. Mutu mwenye mashini ya kupiga chapa anaiga zahabu sawa na udongo. Chenye kuita magendo ni tofauti ya bei kati ya inchi na inchi, pamoja na ulinzi muzaifu wa mipaka. Australia yenyewe, iliyopandisha kodi sana, imepata taabu kubwa ya tumbako ya magendo katika miaka hii, na inchi nyingine zijifunze hapo. Lakini taabu hiyo inazaliwa hasa na bei.

Pingamizi la tatu: « Muchuuzi ana haki ya kupamba mali yake. » Ana haki, kama mali yake ni kitambaa, ao chai, ao jibini ya Masisi. Lakini Shirika la Afya la Dunia linahesabu kwamba tumbako inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na kwamba nusu ya wenye kuendelea kuvuta wanaweza kufa kwa sababu yake. Haki ya kupamba inakoma pale pambo linapoficha kaburi.

Pingamizi la ine linatoka kwetu wenyewe, na ni la nguvu kuliko yote: « Hapa hatununui pakiti, tunanunua sigara moja moja. » Linastahili sehemu yake.

6. Na kwetu Mushaki?

Yeyote aliyepanda njia kutoka Sake anajua namna sigara inavyouzwa. Kijana amekaa kando ya njia na kisanduku cha karatoni juu ya magoti. Ndani yake kuna bonboni, biskuti, karata za simu, na pakiti mbili ao tatu zilizofunguliwa. Dereva wa kamio anasimama, mwenye pikipiki anasimama, askari anasimama. Kila mumoja anatoa noti, anapewa sigara moja, anawasha kwa kibiriti cha muuzaji, anakwenda. Hakugusa pakiti. Kama pakiti ile ingekuwa na picha ya pafu lililooza, picha ingebaki kwa muuzaji.

Basi tukumbuke sababu zetu tatu na tuzipime hapa. Onyo linapoteza nguvu nyingi, maana halifiki mukononi mwa munuuzi. Uongo wa rangi unapungua nguvu vilevile, maana sigara moja haina rangi nyingi. Lakini mahubiri ya pambo yanabaki yote! Pakiti zilizofunguliwa juu ya karatoni ndizo bango la duka lile. Zinapangwa uso kwa wapita njia, nyekundu kando ya nyeupe. Na zikiisha, zinatupwa, watoto wanaziokota. Wanafanya nazo motokari za kuchezea, wanaweka ndani pesa, ndani karata ya ukatekumeni. Katika nyumba za maskini, pakiti inaishi muda mrefu kuliko sigara zake.

Kwa hiyo tunasema: kwetu sheria ya pakiti ingefaa, lakini ingefanya nusu ya kazi tu, kama haikushikana mukono na sheria nyingine, yaani ile ya kukataza kuuza sigara moja moja. Kenya ilikataza pakiti za sigara chini ya 10 kwa sheria yake ya mwaka 2007. Uganda ilikataza sigara moja moja kwa sheria yake ya mwaka 2015. Tena inchi yetu yenyewe iliweka sahihi, ikathibitisha mwaka 2005 mapatano ya mataifa yote juu ya tumbako. Mapatano hayo yanataka onyo lijaze nusu ya pakiti ao zaidi, wala lisipungue hata kidogo chini ya 30 kwa mia. Yanataka inchi zijikaze kukataza sigara moja moja, kwa kuwa bei ndogo inawafungulia watoto mulango. Na maelezo yake ya mwaka 2008 yanashauri kufikiri juu ya pakiti pasipo pambo. Basi hatuombi kitu kigeni. Tunaomba neno tuliloweka sahihi lishikwe.

Kuna mambo mawili ambayo sheria ya pakiti haiyagusi kabisa. Moja ni tumbako ya shamba. Wazee wetu wanalima majani yao nyuma ya nyumba, wanayakausha juu ya moto, wanavuta kwa kiko ao wanasaga ugoro. Hayana pakiti, na moshi wake una sumu vilevile. Hapa hakuna sheria ya karatasi yenye kusaidia. Kuna mazungumzo ya heshima tu, pamoja na mifano ya wagonjwa tunaowajua, hasa wenye kifua kikuu, ambao tumbako inawazidishia ubaya.

Jambo la pili ni vita. Vita ilifika Mushaki mwisho wa Februari 2023, ikarudi mwezi wa Desemba mwaka uleule, na watu walikimbia na magodoro juu ya kichwa. Sheria inataka mutu wa kuichunga: wa kupita sokoni, wa kutazama, wa kuadhibu. Kijana mwenye kuuza sigara kando ya njia mara nyingi ni mutoto wa mukimbizi aliyekosa karo ya masomo. Tukimunyanganya kisanduku chake pasipo kumupa njia nyingine ya kula, tumefanya sheria, hatukufanya haki.

7. Jibu letu, na kazi yetu

Tukusanye. Je, sheria ya pakiti pasipo pambo inapunguza uvutaji? Ndiyo, inapunguza, kwa kipimo kidogo chenye kuhesabika. Inafaa zaidi kwa asiyeanza kuliko kwa aliyefungwa. Inafaa ikiwa pamoja na bei, na katazo la sigara moja moja, na mafundisho. Ikiwa peke yake katika inchi kama yetu, ingeondoa bango la njiani na kuacha duka wazi.

Kanisa nalo lina mafunzo yake ya zamani juu ya sheria za tumbako. Mwaka 1642 Papa Urbano VIII alikataza tumbako katika makanisa ya Sevilla, hata kwa adhabu ya kutengwa. Mwaka 1725 Papa Benedikto XIII akaondoa adhabu ile. Adhabu kubwa haikutosha kushinda desturi. Katekisimu ya siku hizi, katika namba 2290, inaweka matumizi mabaya ya tumbako kati ya mambo ambayo fadhila ya kiasi inatuongoza kuyaepuka. Na mwaka 2017 Baba Mutakatifu Fransisko aliamua kwamba Vatikani isiuze tena sigara tangu mwaka 2018, ingawa ilikuwa inapata faida. Tuone ginsi ilivyotendwa: hakungoja wengine waanze; alianza nyumbani.

Hapo turudi kwa kijana wetu. Siku ile, nyuma ya maswali, tulimuuliza pakiti ile aliipata wapi. Aliinamisha kichwa, akasema: « Padri, niliiokota kwenye takataka ya misioni. » Hakusema zaidi, wala hakukuwa na lazima. Ilikuwa yetu. Mara nyingi tulimutuma mutumishi wa misa dukani kutununulia, tukamwachia chenji. Mara nyingi tulivuta barazani jioni, watoto wakitutazama kutoka kwenye majani. Serikali ya Congo haijaondoa pambo juu ya pakiti, ni kweli. Lakini pambo kubwa kuliko zahabu ni mukono wa padri wenye kuishika.

Basi tuweke mambo machache tunayoweza kuyafanya pasipo kungoja Kinshasa. Tusimutume mutoto kununua sigara, hata mara moja. Wenye kuvuta kati yetu wasivute mbele ya wanafunzi na wakatekumeni. Kiisha waombe musaada wa kuacha kwa muganga, pasipo haya. Pakiti tupu zichomwe, zisitupwe fasi ya watoto. Zawadi ya sigara isitolewe wala isipokelewe katika arusi na sikukuu za parokia. Walimu wa dini waeleze watoto, kwa pakiti yenyewe mukononi, nani aliyechagua rangi hii, na kwa kusudi gani; mutoto aliyekwisha kuona uzi wa mutego haingii tena kwa urahisi. Na wenye kujua kuandika wawaandikie wabunge wao juu ya mapatano ya mwaka 2005.

Kijana yule alibatizwa katika Pasaka. Siku ile tulimupa sanduku ndogo ya bati iliyokuwa ya hostia, kusudi atunzie vitu vyake. Alishukuru sana, akatia ndani karata na rozari. Tulimuomba atupatie pakiti tuichome. Aliigeuza katika mukono, akaitazama, akasema ataileta kesho. Kesho hakuileta, na hata leo hatujaiona. Tunaendelea kumuuliza, kwa upole, na sisi wenyewe tunahesabu siku zetu tangu sigara ya mwisho.